Hana Duka, Lakini Nkoma Nzima Humuuliza Yeye

Jua halijapanda sana juu ya mnada wa Nkoma, wilayani Bariadi, na tayari Nyanjige Malimi amelowa mgongo mzima. Amebeba bomba la kupulizia pamba lililojaa maji matupu. Mkono wa kushoto unapandisha na kushusha mpini, wa kulia unaelekeza mrija kwenye vumbi. Maji yanatoka laini kama ukungu. Wanawake waliomzunguka wanarudi nyuma, wanacheka, kisha wanasogea tena.

Mmoja wao anamsalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," yaani habari za asubuhi, mama, halafu anauliza bei.

"Hili haliuzwi, ni langu," anamjibu. "Yanayouzwa yako Bariadi mjini, kwa Januarius. Ukitaka kwenda nitakupa kitambaa. Na ujue kabisa, ukinunua, na mimi napata changu."

Kisha anafanya jambo ambalo muuzaji wa kawaida asingelifanya. Analitua bomba, analigeuza, anawaonyesha mkanda wa begani. Anawaambia mkanda ule hauna nguvu, msimu mmoja tu unakatika, na atakayenunua ajiandae kushona mwingine. Aliyeuliza bei haondoki. Anachuchumaa na kuuvuta mkanda mwenyewe.

Kazi anayoifanya Nyanjige bado haina jina hapa Nkoma. Wapo wanaomwita dalali, neno asilolipenda. Hana duka wala bidhaa. Anawaelekeza watu kwenye kitu anachokifahamu, na kila anayenunua kwa maelekezo yake, mwenye duka humlipa kamisheni.

Ana miaka thelathini na sita na watoto wanne. Shule aliishia darasa la saba. Yeye na mumewe, Magese, wanalima pamba, mtama na karanga, na hakuna siku aliyowahi kufikiria biashara.

Anasema biashara ndiyo iliyomfuata. Zamani chama cha ushirika kilileta mbegu, dawa na mabomba, kikakata chake wakati wa kupima pamba. Biashara huria ilipoingia, wanunuzi binafsi walifika na mizani yao na fedha mkononi. Watu walifurahi. Mvua zilipoanza, wakaenda kwenye ghala la chama kama walivyozoea, wakakuta kufuli.

"Waliokuja kununua pamba walikuwa wengi," anakumbuka. "Wa kutuuliza tutaipulizia nini hakuwepo."

Mwaka 1996 aliuza karanga zake, akapanda baiskeli nyuma ya Magese hadi Bariadi, akanunua bomba kwa shilingi elfu kumi na nane. Majirani walioliona shambani kwake walimuuliza lilikotoka, naye akawaelekeza bila kufikiria malipo. Aliporudi dukani kutafuta mpira wa kuzibia, Januarius, mwenye duka, alimwambia kuwa watu wanamjia wakitaka bomba "kama la yule mama wa Nkoma". Akamwahidi shilingi elfu moja kwa kila bomba litakalonunuliwa na mtu aliyemtuma yeye.

Mwezi wa kwanza hakupata kitu. Watu walinunua, lakini walipofika dukani hawakumtaja, na Januarius hakuwa na namna ya kujua nani katumwa na nani kajileta. Hawakugombana. Nyanjige alirudi nyumbani, akatoa kitenge chake kilichochakaa, cha kijani chenye maua ya zambarau, akakikatakata vipande vya upana wa vidole viwili. Tangu siku hiyo kila anayemtuma anakwenda na kipande, anakiacha dukani, na mwisho wa mwezi vinahesabiwa mbele ya wote wawili.

Msimu wa kupulizia ulipochanganya, kamisheni ilifika shilingi elfu ishirini kwa mwezi. Aliwanunulia watoto sare. Magese, ambaye mwanzoni alilalamika kuwa mkewe anapiga domo minadani, alianza kumpeleka mwenyewe kwa baiskeli.

Mapema mwaka 1997 akaja mtu mwingine. Alikuwa amefungua duka la dawa za mifugo na mazao mjini, akasikia habari za mama mwenye vitambaa. Alimtafuta hadi nyumbani akiwa na chupa za dawa ya pamba, na kamisheni aliyoitaja ilikuwa mara mbili ya ile ya mabomba. Nyanjige anasema alisita, kwa kuwa dawa ile hakuwahi kuitumia. Magese akamwambia dawa ni dawa tu. Naye akajiambia hivyo hivyo.

Kaya zaidi ya kumi zilinunua. Yeye mwenyewe alikuwa na dawa yake ya zamani, hivyo shamba lake halikumwonya mapema.

Asubuhi moja alifika Zengo, jirani yake wa upande wa mtoni, mkulima anayeheshimika kwa pamba safi. Alikuwa ameshika tawi la mpamba. Vitumba vyake vilikuwa vimetobolewa, na ndani ya kila kimoja funza amejikunja. Akalilaza tawi lile chini, mbele ya mlango.

"Mayu, nimekuja kukuonyesha ulichoniuzia."

"Sikukuuzia, baba. Nilikuelekeza tu."

"Mwenye duka mimi simfahamu," Zengo akasema. "Niliyemfahamu ni wewe."

Akaondoka. Nyanjige anasema maneno yale yalimkaa kifuani kuliko matusi yote aliyotukanwa wiki ile. Alikwenda mjini siku hiyo hiyo. Mwenye duka la dawa alimwambia chupa zilimfikia zimefungwa, kama kuna ubaya haujui yeye. Bwana shamba alipoletewa chupa moja aliinusa, akaijaribu kwenye funza waliokuwa kwenye debe, akasema imechanganywa maji mengi. Nyanjige aliporudi kwa yule mtu akiwa na bwana shamba, duka lilikuwa limefungwa, na halikufunguliwa tena.

Magese alimshauri anyamaze. Alimwambia hata yeye kadanganywa kama wenzake, na watu watasahau. Nyanjige akaona watu wasingesahau, na hata wangesahau, angewatazamaje kisimani.

Aliuza mbuzi wawili, akaongeza kamisheni yote aliyokuwa ameiweka, akanunua dawa nzuri ya kutosha mapulizio yaliyobaki. Akalibeba bomba lake mwenyewe, akapita nyumba kwa nyumba kuwapulizia. Hakuweza kurudisha vitumba vilivyokwisha kuliwa. Wengine walimpokea. Nyumba moja walimfungia mlango, akaiacha dawa juu ya jiwe la kusagia, akaenda zake. Kwa Zengo aliruhusiwa kuingia shambani, ila mwenye shamba alikaa upande wa pili mpaka kazi ikaisha. Mwaka ule Zengo alivuna kama nusu ya kawaida yake.

Nyanjige aliacha kazi hiyo msimu mzima. Mvua kubwa za mwaka uliofuata ziliharibu mashamba ya wengi, na watu wakawa na mengine ya kuzungumza. Aliporudi mnadani alikuwa na bomba tu, na sharti moja: asiseme neno juu ya kitu ambacho hajakitumia msimu mzima kwenye ardhi yake.

Zengo je? "Salamu ananiitikia," anasema Nyanjige. "Si mteja wangu tena, na hiyo ni haki yake."

Lakini mtu ambaye Nyanjige anamfundisha kazi sasa ni Jenipha, mke wa mtoto wa Zengo, mwenye umri wa miaka ishirini na mitatu. Jenipha anasema kabla ya kuja alimwomba ruhusa baba mkwe, akitarajia kukataliwa. Zengo akamjibu, "Nenda. Aliyeumwa na nyoka haokoti kamba gizani."

Jenipha alikuja na haraka. Alitaka kutangaza mabomba, baiskeli, redio na mabati kwa wakati mmoja. Nyanjige alimwambia achague kimoja. Akachagua bomba, na msimu mzima akapewa lile la Nyanjige alipulizie shamba la mumewe, alifungue, alisafishe, ajue linakoziba. Hapo ndipo alipopelekwa kwa Januarius kupatana kamisheni yake na alama yake, kabla hajamtuma mtu hata mmoja. Alichagua kitambaa chekundu.

Akaambiwa pia aanze na watu wanaojua anakoishi. Jenipha aliona ajabu. Kwake ilikuwa rahisi zaidi kuwaelekeza wageni. Nyanjige akamweleza kuwa ndiyo maana hasa, mgeni hawezi kukuletea tawi mlangoni.

Msimu huu Jenipha atakwenda kwao Shishiyu, wilaya ya Maswa, ambako wazazi wake na shangazi zake wanalima pamba. Atalibeba bomba jipya alilolinunua kwa fedha za kuku. Nyanjige anatumaini ifikapo mavuno watakuwa na watu wa kutosha, upande huu na ule, hata Januarius akubali kuweka vipuri Nkoma, watu wasisafiri kutwa nzima kwa ajili ya mpira wa kuzibia.

Jambo la pili analolisubiri liko nyuma ya nyumba yake. Mwezi uliopita alifika mfanyabiashara kutoka Mwanza na dawa mpya ya funza, akamwahidi kamisheni nono. Nyanjige alinunua chupa moja kwa fedha yake, akatenga mistari minane ya pamba, akaanza kuipulizia. Vitumba bado ni vidogo. Anavipitia kila asubuhi, anavipasua vichache kwa kucha, anatazama ndani.

Pale mnadani mama mmoja ameisikia dawa hiyo na anataka kujua kama ni nzuri. Jenipha anamtazama mwalimu wake.

"Bado sijui," Nyanjige anamjibu, akilipandisha bomba mgongoni. "Njoo mwezi wa sita, tukiwa tunavuna. Kama sitakuwa mnadani, unakujua kwangu."