Sweta za Ngendo wa Chaka

Mitumba ilipoanza kuingia Chaka kwa malori, mwanzoni mwa miaka ya tisini, kila mtu alineemeka isipokuwa Ngendo, ambaye alikuwa na msimamo. Msimamo ni kitu kizuri sana, hasa kikiwa cha mtu mwingine. Alisema hatavaa nguo za marehemu wa ng'ambo, kwa maana mtu mzima atatupaje koti zuri kama hajafa? Wala hatavaa nguo ambayo hajui aliyeishona alilipwa au alidhulumiwa.

Yeye alivaa sweta alizofuma mwenyewe, kwa manyoya ya kondoo wake, aliyoyasokota kwa mkono na kuyatia rangi kwa maganda ya vitunguu. Alimjua kila kondoo kwa jina. Sweta zenyewe ziliwasha shingoni kama upupu, na zikinyeshewa, kanisa zima lilijua kwamba zizi nalo limekuja ibadani.

Basi watu wakawa wanamheshimu kwa mbali. Mwanawe, Theuri, alishakimbilia majaketi ya mitumba zamani. Sophie, mwenyekiti wa akina mama kanisani, alipopewa sweta aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru mpaka akaombea kondoo, kisha akairudisha kesho yake ati ngozi yake ina shida.

Alibaki Wacera, mke wa Theuri. Msimu mzima wa mvua Ngendo alimfumia sweta ya rangi ya vitunguu, yenye mistari ya kijivu mikononi, ya kuvaa siku ya kubatizwa kwa mtoto. Huyu naye akikataa, Ngendo alijiambia, basi nimebaki mimi na kondoo.

"Utaivaa Jumapili?" aliuliza.

"Nitaivaa, Mami," Wacera akasema, akijikuna kabla hata hajaigusa.

Jumapili mvua ilinyesha. Wacera aliingia kanisani na mtoto, amevaa jaketi jekundu lenye jina la shule ya ng'ambo mgongoni, shule ambayo hakuna mtu wa Chaka aliyewahi kuikanyaga. Ngendo alilijua lile jaketi. Wiki nzima lilikuwa limeangikwa kwa Nderitu, muuza mitumba, ambaye alikuwa tayari kubadilishana na chochote kinachovalika.

Kabla hajamaliza kukasirika, Sophie naye akaingia, kifua mbele, ndani ya sweta ya rangi ya vitunguu yenye mistari ya kijivu mikononi.

Baada ya ibada Sophie alimfuata mwenyewe.

"Mama Theuri, hebu shika hii kitu. Nderitu ameitoa kwa belo mpya. Wazungu wanajua kufuma, lakini si ati nasema zako ni mbaya."

"Haikuwashi?"

"Hii? Hii inaleta joto."

"Na hiyo harufu?"

"Hiyo ndiyo harufu ya ng'ambo," Sophie akasema, akainusa kwa fahari.

Nyuma yake Wacera alisimama na mtoto kifuani, macho yakiomba. Neno moja tu lingetosha kuwaaibisha wote wawili mbele ya mchungaji. Ngendo alikuwa nalo mdomoni. Ilimuuma, tena iliuma zaidi kwa kuwa sweta ilimkaa Sophie vizuri ajabu.

"Imekufaa, mwenyekiti," akasema. "Lakini ikilowa usianike kwa jua. Itakuwa ndogo."

"Na wewe umejuaje?"

"Nimesikia huko kwao wanafanya hivyo."

Siku ya soko Ngendo aliingia kibanda cha Nderitu kwa mara ya kwanza maishani, gunia mgongoni. Akamwaga sweta zake zote juu ya rundo la mitumba, hata ile aliyokuwa akivaa kanisani. Nderitu aliona haya, maana alijua vizuri ile ya Sophie ilipitia wapi.

"Na wakiniuliza ni za nani?"

"Waambie ni za marehemu," Ngendo akasema, akakunja gunia lake.