Stendi ya Risasi na Nazi ya Shangazi

Jirani yetu wa hapa ughaibuni, mjini Garland, hujaza risasi zake mwenyewe. Akitoka kulenga shabaha huokota maganda matupu, akayarudisha nyumbani, akayatia baruti na vichwa vipya, kisha akavishindilia kwa mashine ndogo ya chuma yenye mkono wa kuvuta chini. Mashine hiyo lazima ifungwe kwenye kitu kisichotikisika. Yeye aliifunga kwenye meza ya jikoni ya mkewe, na siku mguu wa meza ulipovunjika, mkewe aliwatoa nje wote wawili, mume na mashine.

Kazi yake ni kujenga uzio wa mbao. Mimi wakati huo nilikuwa ghalani napanga maboksi, na msimamizi wetu alipenda kuniita kwa kipaza sauti, watu wote wakageuka. Mtu mwenye haya hafi kwa hilo, lakini hukaribia. Jirani alikuwa ameniona nikirekebisha ngazi ya nyuma ya nyumba yetu. Akaniambia nimtengenezee stendi ya kufungia mashine yake, ya gharama ndogo, inayokunjwa ikaingia kwenye buti la gari, isiyotikisika hata kidogo, naye atanichukua kwenye kazi ya uzio. Ikiyumba, nibaki na maboksi yangu. Jumamosi angekuja kuiona.

Mbao nilizipata bure, paleti zilizotupwa ghalani. Shida ilikuwa uzito. Stendi nzito haitikisiki, lakini haibebeki. Nyepesi inabebeka, lakini ukivuta mkono wa mashine inakufuata. Jibu lilinijia nikiwa nakula wali ambao shangazi ninayeishi naye alikuwa ameupika kwa tui la kopo, huku akililaani kopo. Nikaikumbuka mbuzi yake ya kukunia nazi, aliyoiacha Mombasa. Ilikuwa kibao chepesi tu, ikikunjwa na kuegeshwa nyuma ya mlango, na bado haikusogea wakati wa kukuna, kwa sababu mkunaji ameikalia. Uzito unatoka kwa mtu, si kwa mbao. Na jirani yetu, Mungu amzidishie, uzito anao.

Nikaanza. Kibao kipana cha kukalia, miguu ya kupishana yenye bawaba, na mbele ulimi mnene wa mbao wenye matundu ya kufungia mashine. Niliitengenezea barazani nyuma ya nyumba. Shangazi, dada yake baba, anafanya kazi hospitali, na kwa aliyoyaona huko ana sheria moja: kitu cha bunduki hakivuki kizingiti chake. Mimi nilijiambia kwamba mbao si bunduki. Nilijiambia mara nyingi.

Ijumaa nilirudi kutoka kazini nikamkuta shangazi jikoni ameikalia stendi. Kwenye ulimi, ndani ya tundu langu mwenyewe, kilikuwa kimekazwa kisu cha kukunia nazi ambacho sikuwahi kukiona. Alikuja nacho kutoka nyumbani kimeviringwa kwenye leso chini ya sanduku, akakosa mtu wa kumtilia ubao.

"Miaka yote hii, mwanangu," akasema, "nikadhani huoni."

Tayari alikuwa amewapigia simu rafiki zake wa Fort Worth waje kesho kula wali wa nazi ya kukuna. Akaniuliza mbona nimeifanya pana hivi. Nikamjibu ni ili isitikisike. Ilikuwa kweli tupu, ndiyo maana sikuongeza neno.

Jumamosi kabla ya adhuhuri jirani aligonga, mashine kwapani imefungwa kwa taulo. Nilifungua mlango wa jikoni. Alimwona shangazi anakuna, akauliza kwa upole mama huyu anafanya nini juu ya stendi yake. Shangazi akamuuliza, kwa Kiingereza kilichonishinda mimi, stendi ya nani. Nikaitazama nazi.

Jirani hakujua lolote, maskini. Akaifungua taulo, akaeleza kila kitu kwa furaha: maganda, baruti, mkono wa kuvuta, na kazi ya uzio aliyoniahidi. Shangazi alimsikiliza kama anavyomsikiliza mgonjwa anayeapa kwamba dawa zake anazimeza. Kisha akainuka.

"Keti," akamwambia.

Jirani akaipanda, mguu huku na mguu huku.

"Hiyo si pikipiki, mzee. Kiubavu."

Jitu zima likageuka kiubavu, magoti pamoja, kama bibi wa shughuli. Shangazi akamkabidhi nusu ya nazi. Mara ya kwanza alijikwaruza vidole viwili. Halafu akapata mwendo, akasukuma, akavuta, akalalia kwa nguvu zote alizonazo. Mbao hazikutoa hata mlio. Mimi nilikuwa nimeshika fremu ya mlango, nasikiliza kama nitarudi ghalani au la.

"Haitikisiki," akasema, bila kuinua macho.

"Haitikisiki, na haitoki," akasema shangazi. "Kijana atakutengenezea nyingine, gerejini kwako. Na hicho chuma kirudi hukohuko, sasa hivi. Kazi anaanza lini?"

Jirani akasema Jumatatu.

"Kipeleke basi, kisha urudi umalize hiyo nazi. Wageni wanakuja."

Alirudi. Alikula sahani mbili.

Wageni wakaondoka. Tulipokuwa tunaosha vyombo shangazi akaniuliza kama kuna kipande hata kimoja nilichokitengeneza kwa ajili yake. Nikamwambia ukweli, kwamba kiti chote niliutoa mfano wake kwenye mbuzi yake ya Mombasa. Akafikiri kidogo, akanitupia kitambaa cha kufutia.

"Basi ni yangu, jirani ndiye aliyeazima," akasema.

Jumatatu nilianza uzio. Jirani alikuja na plasta kwenye vidole viwili, na mafundi wenzake walipomuuliza, akasema ameumwa na mashine ya risasi. Wakanigeukia mimi, jirani yake, nithibitishe. Mimi ni mtu wa haya. Nikatikisa kichwa kukubali, nikachukua nyundo.