Skrubu Niliyoifunga Mlimani

Siku yangu ya kwanza kazini sikuruhusiwa kugusa injini. Nilipewa tupa. Ukungu wa Mufindi ulikuwa umeshuka hadi kwenye paa la karakana, na Mkuu wa Karakana, Mbena mrefu mwenye koti la sufu lililotobolewa na cheche za kuchomelea, alinikalisha kwenye gogo la mpaini akanitupia mnyororo mapajani.

"Kamwene, kijana," alinisalimu kwa Kibena. "Leo unanoa. Kesho unanoa. Siku ukichoka kunoa, rudi kwenu ukalime viazi."

Chenso, kwa msioijua, ni msumeno wa mashine unaobebwa mikononi: injini ndogo ya petroli huuzungusha mnyororo wenye meno kandokando ya ulimi wa chuma tunaouita baa. Watu huitazama injini kwa sababu ndiyo inayopiga kelele. Mkuu alitufundisha kuanzia kwenye meno. Kila jino lilisukumiwa tupa mara tatu, kwenda mbele tu, si kurudi. Ukisukuma jino moja mara nne na jingine mara mbili, msumeno utakata kwa kupinda, kama mtu anayetembea na kiatu kimoja. Mkuu hakukagua meno yangu. Alikagua kilichoanguka chini baada ya kukata. Msumeno mkali hutoa maganda manene, mfano wa pumba za mahindi. Ulio butu hutoa unga.

"Naona unatusagia ugali," aliniambia wiki nzima. "Mboga iko wapi?"

Wakataji walicheka, nami nikanoa. Wiki ya pili maganda yakaanza kuruka, meupe, yenye harufu ya utomvu, na hakuna aliyesema neno. Katika karakana ile, kutosemwa ndiko kulikuwa kusifiwa.

Kisha nikafundishwa usafi, ambao ni nusu ya ufundi. Kila jioni chujio la hewa lilitolewa na kung'utwa, maana injini isiyovuta hewa safi hukohoa kama mzee wa tumbaku. Mapezi ya silinda, yale mabamba membamba yanayoipoza injini, yalipigwa brashi hadi utomvu na vumbi la mbao vitoke. Baa iligeuzwa, upande wa juu ukawa chini, ili isiliwe upande mmoja. Niliyafanya hayo kwa miaka kadhaa kabla ya kukabidhiwa bisibisi ndogo ya kabureta, na siku niliyokabidhiwa nilikwenda nayo nyumbani mfukoni, kama bwana harusi na pete.

Kabureta ndiyo inayochanganya petroli na hewa. Ina skrubu: ukiifunga, petroli hupungua, ukiifungua, huongezeka. Mafundi wengi huhesabu mizunguko. Mimi nilisikiliza. Injini iliyoshiba petroli kupita kiasi hugugumia, na inayokosa hulia kwa sauti nyembamba kama nyigu aliyefungiwa kwenye chupa. Katikati ya sauti hizo mbili kuna mlio mmoja mzuri, mnene, usio na haraka, na mimi niliupata kila mara. Nilipohamishiwa karakana ya Mbeya, iliyokuwa juu kwenye mteremko wa mlima, jina langu lilikuwa limenitangulia. Meneja wa Tawi alinipokea kwa maneno mafupi: "Wewe ndiye mwenye sikio? Haya, tusikie."

Huko Mbeya nilimkuta Mama Sekela. Alikuwa Mnyakyusa wa makamo, mpole wa sauti na mkali wa macho, na kazi yake ilikuwa kuchanganya mafuta. Injini ya chenso haina tangi lake la oili, hivyo oili huchanganywa ndani ya petroli yenyewe. Ikikosekana, chuma husuguana na chuma, na pistoni huungua. Mama Sekela alipima kipimo kimoja cha oili kwa vipimo ishirini na tano vya petroli, akatikisa dumu, akaliweka chini, akalitikisa tena. Hakuongea akipima. Ukimsalimia katikati alikuinulia kidole usubiri, hata ungekuwa Meneja.

Basi kikosi chetu cha wakataji kikatumwa Igawa, kule chini barabarani, kuangusha migunga iliyokuwa ikigusa nyaya za umeme. Niliandaa chenso nne. Nilizitega, yaani nilizirekebisha skrubu za kabureta kwa sikio, mlimani asubuhi ya baridi, moja baada ya nyingine, zikaimba. Wakati huo Meneja alikwisha kuninong'oneza kwamba nafasi ya Mkuu wa Karakana ingekuwa wazi, na kwamba barua yangu ilibaki kutiwa sahihi tu. Niliziaga chenso zile kama mtu anayewaaga wanawe wakienda kufaulu mtihani.

Siku ya pili tu zikarudi tatu juu ya gari. Zilikuwa zimekwama. Ukivuta kamba ya kuwashia, haiji. Nilifungua silinda ya kwanza, nikakuta pistoni imechubuka ubavuni kama gome lililoparuliwa na chui. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu vivyo hivyo.

Foremani wa kikosi, mwanamume wa Igawa mwenye maneno mengi, hakungoja fundi aseme. "Hakuna oili humu," alisema mbele ya wote. "Hii ni petroli kavu. Mama huyu ameuza oili yetu gulioni."

Mama Sekela alisimama mlangoni mwa stoo yake. "Baba, nimepima kwa mkono huu."

"Mkono huo huo ndio uliouza."

Meneja alimtazama mama, kisha akanitazama mimi. "Fundi, unasemaje?"

Nikasema, "Inawezekana, Meneja."

Neno hilo moja bado linanichoma. Inawezekana! Pistoni ya namna ile huungua kweli kwa kukosa oili, kwa hiyo sikusema uongo. Lakini nililisema upesi mno, kabla sijaangalia, kwa sababu lilinifaa. Mama Sekela aliambiwa akae nyumbani hadi Jumatatu, ambapo angepewa barua ya kuachishwa. Alifunga stoo, akanikabidhi ufunguo mimi, akasema, "Ndaga, mwanangu," yaani asante, bila kejeli yoyote. Afadhali angenitukana.

Kesho yake niliomba kwenda Igawa. Chenso ya nne ilikuwa imebaki huko, pamoja na dumu la mafuta likiwa limejaa nusu. Nilifanya jambo ambalo kila fundi anaweza kulifanya na ambalo sikuwa nimelifanya: nilidondosha tone la mafuta yale kwenye karatasi nikaiacha juani. Petroli hupaa. Oili hubaki. Karatasi ilipokauka, palikuwa na doa la mviringo lenye kung'aa, kama jicho la mtu anayekutazama tu.

Nikawasha chenso ya nne, nikabonyeza mafuta hadi mwisho. Ikalia kama nyigu kwenye chupa.

Niliizima haraka. Nilikuwa nimesimama kwenye joto la Igawa, shati limenigandia mgongoni, na hapo hapo nikaelewa. Mlimani hewa ni nyepesi, kwa hiyo nilizifunga skrubu ili petroli iwe kidogo, ilingane nayo. Kule bondeni hewa ni nzito. Injini ilivuta hewa nyingi na petroli ile ile kidogo niliyoipimia, na pamoja na petroli, oili ile ile kidogo. Aliyezinyima chenso mafuta ni mimi, mwenye sikio. Nilitega mashine za bondeni kwa hewa ya mlimani.

Nilifungua skrubu kidogo, robo ya mzunguko. Mlio ukashuka, ukanenepa. Nikajaza tangi kwa mafuta ya Mama Sekela, nikamwambia Foremani, "Kata."

"Ikikwama je?"

"Ikikwama niandikie mimi."

Alikata hadi alasiri. Migunga ilianguka mmoja baada ya mwingine na chenso haikukohoa. Foremani alifuta jasho akasema, "Kumbe mama wa watu..."

Jumatatu niliingia ofisini kwa Meneja kabla Mama Sekela hajafika. Nilimwekea mezani karatasi yenye doa na pistoni moja.

"Mafuta yalikuwa mazuri," nilisema. "Ni mimi. Nilizitega huku zikaenda kukata kule."

Aliigeuzageuza pistoni mkononi. Kisha akafungua droo, akaitoa barua yangu, akaiangalia. "Unajua siwezi kuisaini hii sasa."

"Najua, mzee."

"Ungeweza kunyamaza."

"Ningeweza."

Mama Sekela alipofika nilimweleza yote mwenyewe, nikamrudishia ufunguo; aliufungua mlango wa stoo yake, akachukua kipimo, akaanza kazi. Nilimfuata kumwomba radhi. Akaniinulia kidole nisubiri.

Ukuu wa karakana niliupata baadaye sana, Iringa, nikihudumia hata vikosi vya barabara ya Idodi. Tangu Igawa, hakuna chenso iliyotoka mezani kwangu kabla sijauliza inakwenda kukata wapi. Mafundi niliowafundisha wanauliza vivyo hivyo, kutoka Mafinga hadi Mbarali, wengine bila kujua kwa nini. Hilo nalionea fahari kuliko sikio langu. Sasa nimestaafu, naishi Ilomba, na bado mikono hunuka petroli siku za Jumamosi.

Waliponiaga kazini, wakubwa walisimama kwa zamu wakanisifu hadi nikaona aibu. Mama Sekela, aliyekuwa amestaafu miaka mingi kabla yangu, alialikwa pia. Alisimama akiegemea kiti, kitenge chake kimenyooshwa kwa pasi.

"Huyu," alisema akininyooshea kidole, "aliwahi kuunguza chenso tatu kwa siku moja."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Alingoja hadi wakamaliza.

"Nawaambia ili mjue jinsi nilivyolijua hilo. Alinieleza yeye mwenyewe, na hakuna aliyemuuliza."