Neno Lililomfukuza Wafula

Anayetaka kunicheka anicheke. Mimi usingizi umenipotea.

Hapa Kanduyi mimi ndiye huwasomea wenzangu riwaya baada ya ibada, ingawa ulimi wangu hautofautishi l na r, wala sikio langu. Riwaya yenyewe ilikuwa ya mume aliyetoweka, kisha akarudi na damu shatini, akamwambia mkewe mlangoni: "Nimerudi kuomba mahali."

Watu wakaanza kutoa maoni. Nekesa, ambaye mumewe Wafula alimwacha akahamia mashamba ya Kitale, aliuliza, "Ati mahari?"

"Ndiyo," nikajibu kwa madaha.

"Basi afukuzwe! Si amerudi kudai ng'ombe zake?"

Wote wakaunga mkono. Nami nikaunga, nikidhani wanaogopa ile damu.

Jumapili iliyofuata, mwalimu mgeni alichukua kitabu akausoma ukurasa ule: "Nimerudi kuomba mahali."

Nekesa akasimama. "Mahali? Mahali pa kukaa?" Akanigeukia. "Ndugu yangu, Wafula alikuja Jumanne, akasema hivyo hivyo. Nimemfukuza. Neno ni lipi?"

Nikajikaza niseme ukweli.

"Dada," nikasema, "ni mahari."