Kadi ya Kundi O Kwenye Kiti cha Meno

Tarehe 14 Machi 2016 fundi cherehani mmoja alichangia damu kwa mara ya kwanza, akapewa kadi inayoonyesha kuwa ni wa kundi O. Tangu siku hiyo kila kinachomsumbua hukitupia kundi hilo, na leo ni zamu ya fizi. Amekaa kwenye kiti cha daktari wa meno, ambaye ni mdogo wa mkewe, kadi mkononi, meno matatu ya chini yakicheza.

"Shemeji, nimesoma kwenye simu. Sisi wa O fizi zetu ndivyo zilivyo."

Daktari akashusha pumzi. Hii ni mara ya nne leo kumweleza. "Wapo watafiti waliohisi kuna uhusiano, wengine hawakuuona. Dada yangu naye ni O, mnakula chungu kimoja, mbona fizi zake nzima? Mara ya mwisho kupiga mswaki lini?"

Fundi akatazama dari. "Niliacha toka mwezi wa pili. Nikipiga mswaki damu inatoka, na damu yangu mimi ni ya kuchangia watu. Niimwage kwenye sinki?"

"Inatoka kwa sababu ya huu uchafu, shemeji," akasema, akimwonyesha kwenye kioo ukoko wa njano uliogandia kwenye mashina ya meno. "Ungeusugua mapema, usingeganda."

"Basi nitasugua kesho."

"Utasugua leo, hapa, mbele yangu."

Akamkabidhi mswaki mpya. Jumatatu saa mbili asubuhi fundi atarudi kung'olewa jino moja. Mawili yaliyobaki yatategemea mswaki huo.