Mkebe Uliorudi Umejaa

Juzi, nikipanga kabati la mama kule ughaibuni, mtaa wa Thamesmead, niliukuta mkebe wa zamani wa biskuti, umeota kutu pembeni. Nikacheka peke yangu.

Mchana mmoja, nikiwa mtoto, sebule yetu ilinukia iliki na karatasi mpya. Mama na wenzake wa kujitolea walikuwa wakifunga vitabu vya kuwapelekea wanafunzi wa kisiwa kimoja cha mbali huko Pasifiki. Utepe wa gundi ulilia kraaa kila boksi lilipofungwa. Mimi nilitia penseli zangu zote za rangi ndani ya mkebe ule, nikauchomeka kati ya vitabu.

"Una hakika, mwanangu?" mama akaniuliza. "Hazirudi tena hizo."

"Mkebe utarudi na kitu," nikamjibu.

Kwetu sahani ya jirani hairejeshwi tupu. Ukiletewa sambusa, unarejesha na visheti. Nami niliamini Pasifiki ni kama ghorofa ya juu yetu. Ijumaa, siku majirani waliyozoea kurejesha sahani, nikakaa mlangoni kuusubiri mpaka magharibi. Na Ijumaa iliyofuata pia.

Nilikwishasahau, siku mtu wa posta alipotuletea mkebe. Ulijaa kauri ndogo ndogo za baharini, pamoja na barua ya mwalimu wao: "Watoto wamekataa kuurudisha mtupu."

Mama alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Kumbe majirani kweli!"

Kauri niliwagawia wenzangu shuleni, zikaisha. Mkebe ukakaa kabatini miaka yote hii, mtupu, na zamu ilikuwa yetu.

Jana nimenunua penseli.