Programu ya Kukatia Nguo

Mtaani walimwita Futi, maana tangu utotoni alikuwa hakioni kitu asikipime. Mama yake alikuwa fundi cherehani. Yeye akaangukia kwenye kompyuta, ila kitambaa hakikumtoka rohoni. Akaandika programu ambayo ukiiingizia vipimo vya mtu, inakuchorea vipande vya nguo tayari kwa kukatwa. Kisha akaiweka mtandaoni bure, na maandishi yake yote ya ndani wazi, atakaye aichukue, airekebishe, aigawe.

Mama aliposikia, aliondoa mguu kwenye pedeli. "Umepika, umepakua, umeita mtaa mzima. Wewe utakula nini?"

Futi aliishi kwa vibarua vya kutengeneza printa za watu.

Lakini programu ilipata ndugu. Fundi asiyemjua aliandika kwamba mikono inabana wenye mabega mapana, akatuma na marekebisho. Mwingine, anayetumia kiti cha magurudumu, akaongeza suruali ya mtu akaaye kutwa: kiuno chake nyuma juu, mbele chini. Futi alijilaumu. Hilo halikuwahi kumpitia akilini.

Ndipo akaitwa na kiwanda cha sare. Mkurugenzi, mama mcheshi asiyependa kupoteza muda, akamwambia, "Dada, tunainunua. Ila uifunge, washindani wangu wasiione tena." Akataja fedha za kujenga nyumba.

"Pokea," mama yake alisema.

"Mama, si yangu peke yangu."

"Na hao wenzio wamekulisha lini?"

Neno hilo lilimchoma, kwa kuwa lilikuwa kweli. Akamwandikia yule wa suruali, akamweleza yote bila kuficha. Jibu lilikuja fupi: "Tuliyokwisha kupewa tunayo, huwezi kutunyang'anya. Yako funga ukitaka. Ila suruali yangu usiiuze."

Futi akarudi kiwandani. "Kufunga siwezi, bosi. Programu chukueni bure. Lakini mashine zenu haziielewi, na wakataji wenu hawaijui. Ninachouza ni kuwaunganishia, kuwafundisha, na kuja ikigoma."

"Yaani nikulipe kwa kitu cha bure?"

"Mvua nayo ni ya bure. Fundi bomba je?"

Mkurugenzi akacheka, akabana bei mpaka basi, wakaandikiana mkataba wa mwaka. Nyumba haikujengwa. Baadaye karakana mbili nazo zikamwajiri kwa mtindo huohuo, akaacha printa. Bado kuna miezi ambayo simu yake hailii, na katika miezi hiyo ile nyumba humjia kichwani pamoja na baraza yake, akajiuliza kama hakuwa mpumbavu.

Juzi mkataji mmoja wa kiwandani, aliyekuwa akiipinga kompyuta kuliko wote, alimwonyesha kwamba kola inakaa upande. Wakakaa wawili wakainyoosha kwenye programu. Futi akasita, kisha akaenda kumwambia mkurugenzi kwamba marekebisho hayo atayaweka mtandaoni, kila mtu ayapate.

Mkurugenzi hakuinua hata macho kwenye karatasi zake. "Weka," alisema. "Ila andika kwamba yametoka kwetu."